Mwanangu Rehema, usiulize kadi, uliza duka

Columbus, Ohio

Mwanangu Rehema,

Marahaba, mama. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusikiliza mara mbili, ya kwanza jikoni, ya pili nimekaa na kalamu mkononi. Umeuliza: "Mama, kati ya hizi kadi za punguzo la dawa, GoodRx, SingleCare na nyinginezo, ipi iliyo bora nichukue?" Umetimiza miaka 26, bima yangu imekutoa, na ile ya kazini kwako huko Houston haianzi mpaka siku 90 ziishe. Swali lako nitalijibu. Lakini kuna neno ulilipitisha haraka katikati ya mazungumzo, kwamba Symbicort, inhela yako ya pumu, sasa unavuta jioni tu ili ikufikishe mwisho wa mwezi. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Daktari alikuandikia asubuhi na jioni. Ile si inhela ya kuokolea kifua kikibana; inafanya kazi kwa sababu inavutwa kila siku, hata siku unayojiona mzima. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni usiku kwenda hospitali ya Bombo kule Tanga ulipokuwa na miaka sita, nikisikia kifua chako kinapiga mluzi sikioni mwangu. Kwa hiyo naanza na hiyo inhela kabla ya kadi yoyote.

Kwa Symbicort, weka kadi za punguzo pembeni. Kadi hizi zina nguvu kwenye dawa za jeneriki, zile ambazo viwanda vingi vinazitengeneza. Dawa yenye jina la kampuni moja, kadi huipunguzia kidogo tu, na bei inabaki ya kuumiza. Lakini mwaka 2024 AstraZeneca, wenye Symbicort, waliweka kikomo kwamba mgonjwa asilipe zaidi ya dola 35 kwa mwezi kwa inhela zao, na wasio na bima wamo. Boehringer Ingelheim walifanya hivyo mwaka huohuo, GSK wakafuata Januari 2025. Ingia kwenye tovuti ya AstraZeneca wenyewe, soma masharti, pakua kadi yao, mpe mfamasia. Hiyo ni kadi ya mtengenezaji, si kadi ya punguzo tunayoizungumza, ingawa kwenye simu zinafanana kama mapacha. Wenye Medicare na Medicaid, zile bima za serikali, hawaruhusiwi kuitumia. Wewe unaruhusiwa.

Sasa turudi kwenye swali lako.

Kadi ya punguzo si bima, hata kama kwa mbele inafanana nayo na ina tarakimu zilezile za BIN, PCN na Group, zinazoielekeza kompyuta ya famasi. Hakuna anayekulipia chochote. Wewe ndiye unayelipa bei yote, ila ni bei ambayo mtu mwingine ameshaipatana. Huyo mtu ni dalali. Hapa Marekani kuna kampuni zinazosimama katikati ya viwanda, bima na maduka ya dawa, na tatu kubwa, CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, ndizo zinazopitisha karibu asilimia 80 ya vyeti vyote vya dawa nchini. Dalali anapatana bei na duka, kadi inakuonyesha ile bei, wewe unalipa, kisha duka linamkatia dalali ada na dalali anaigawia kampuni iliyotoa kadi. Ndiyo maana kadi unapewa bure. Ni kama ukienda kununua kiwanja, unaonyeshwa na dalali bila kumlipa, lakini chake anacho.

Nakueleza hivi kwa sababu ukishajua kwamba bei ni mapatano ya dalali fulani na duka fulani, utaona kwa nini swali la "kadi ipi bora" halina jibu. Jumatatu jioni nilitoka kazini nikachukua orodha yako, nikaandika msimbo wa posta wa mtaa wako, nikatazama kadi tatu kwa ile montelukasti yako, kidonge cha pumu, ya miligramu 10, vidonge 30. Kadi ya kwanza peke yake ilinipa dola 12 kwenye famasi iliyo ndani ya supamaketi na dola 38 kwenye duka la kona yako. Kadi ileile, kidonge kilekile! Nikalinganisha kadi zote tatu kwenye duka moja, tofauti ikawa dola nne. Umeona? Duka lilibadilisha bei kuliko kadi. Wewe ulikuwa unataka kuchagua kadi moja halafu uende nayo hapo chini ya nyumba yako kwa sababu ni karibu. Huko ndiko ungeachia pesa zako.

Kwa hiyo weka kadi mbili au tatu kwenye simu, zote ni za bure, na kabla ya kila kununua tazama maduka. Tazama upya kila mara, maana bei ya mwezi uliopita haina ahadi na mwezi huu. Na andika dawa sawasawa kama ilivyo kwenye cheti: nguvu yake, idadi, kidonge cha kumeza au cha kutafuna. Ukikosea kimoja, bei unayoiona si ya dawa yako. Muulize pia daktari kama anaweza kukuandikia ya siku 90. Mara nyingi kidonge kimoja kinashuka bei ukinunua nyingi kwa pamoja. Inhela ya kuokolea, albuterol, nayo iko ya jeneriki na kadi huisaidia, ila hakikisha daktari hajaandika kwenye cheti kwamba dawa ya jina la kampuni isibadilishwe, la sivyo mfamasia hatakuwa na ruhusa ya kukubadilishia.

Kisha kuna swali ambalo watu wetu wengi hapa hawaliulizi, kwa haya nadhani. Ukifika dirishani, kabla hujatoa simu, sema: "Bei ya taslimu bila kadi wala bima ni kiasi gani?" Zamani mikataba mingine ilimfunga mdomo mfamasia asikwambie kwamba ukilipa mwenyewe ni nafuu kuliko kupitia bima. Oktoba 2018 zilipitishwa sheria mbili za taifa zikaondoa hayo. Siku hizi anaruhusiwa kukwambia, lakini foleni ikiwa ndefu hatakwambia kama hujauliza. Kule sokoni Ngamiani, Tanga, hukuwahi kuniona nanunua nyanya kwenye meza ya kwanza. Hapa bei hazipatanwi kwa mdomo, lakini kuuliza bado kunalipa.

Na pengine huhitaji kadi yoyote. Walmart wana orodha yao tangu 2006, bei zikianzia dola 4 kwa dawa ya mwezi na dola 10 kwa miezi mitatu, kwa jeneriki zilizomo tu. Famasi ya Costco inauzia hata asiye mwanachama; mlangoni sema unakwenda famasi. Kuna pia kampuni ya tajiri Mark Cuban, Cost Plus Drugs, iliyoanza kuuza Januari 2022 kwa njia ya posta. Wao bei yao naipenda kwa sababu unaweza kuihesabu mwenyewe: gharama yao ya kununua, juu yake asilimia 15, dola 5 za kazi ya famasi na dola 5 za kutuma. Dawa iliyowagharimu dola 6 itakufikia kwa dola 16 na senti 90. Kwa montelukasti inafaa, ukiagiza mapema. Kwa albuterol unayoihitaji leo usiku haifai, usithubutu.

Kama pesa imekaza kweli, tafuta kituo cha afya cha jamii, vile vinavyotoza kulingana na kipato. Vingi vinapata dawa kwa bei ya chini kupitia mpango wa serikali uitwao 340B, uliopo tangu 1992, na wagonjwa wao hunufaika. Si sadaka. Kodi unalipa.

Halafu bima yako itaanza, na hapa nisikilize vizuri, maana mimi niliingia kwenye shimo hili. Mwaka ule wa operesheni ya nyongo nilikuwa nimenunua dawa zangu zote za presha na sukari kwa kadi tangu Januari, kwa sababu dirishani ilikuwa nafuu kuliko bima kwa dola chache. Nikajiona mjanja. Oktoba nikalazwa, bili ikaja, nikasema kile kiasi cha kutoa mfukoni kabla ya bima kuanza kulipa si nimeshakipunguza? Bima wakanijibu kwamba hakuna hata senti iliyohesabiwa, maana nilinunua nje yao. Zaidi ya dola 600 za mwaka mzima, hazikuingia popote. Nililia kwenye simu, na yule kijana wa upande wa pili hakuwa na la kufanya.

Basi bima ikianza, pima kila dawa peke yake. Kidonge cha dola 12, tumia kadi na uendelee na maisha yako. Inhela ya bei kubwa, au mwaka unaojua utakuwa na matibabu mengi, pitisha kwenye bima ili ihesabiwe, hata ikizidi kidogo. Viwili havichanganywi kwenye ununuzi mmoja, wala kadi mbili. Wapigie bima uulize kama wanapokea risiti ulizolipa kwa kadi, maana baadhi yao hupokea. Na siku hiyo ya kuanza, mwambie mfamasia aifute kadi kwenye kompyuta yao, la sivyo wataendelea kuitumia kimyakimya.

Kuna jambo la siri zako pia. Hospitali, bima na famasi zinabanwa na HIPAA, sheria ya kulinda siri za wagonjwa, lakini kampuni inayotoa kadi ya punguzo kwa kawaida haibanwi nayo. Februari 2023 tume ya biashara ya serikali, FTC, iliituhumu GoodRx kuzipa kampuni za matangazo, zikiwemo Facebook na Google, habari za afya za watumiaji, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 1.5. Sikwambii usiitumie, mimi mwenyewe ninayo. Tazama bei bila kufungua akaunti, onyesha tarakimu dirishani, basi. Anayekupigia akitaka namba yako ya Social Security ili akupe kadi, kata simu.

Moja nililotaka kulisahau: usizitawanye dawa kwenye maduka manne kwa ajili ya dola mbili mbili. Mfamasia anayeziona zote ndiye atakayekwambia hii na hii hazikai pamoja. Ukilazimika kununua mbili tofauti, waambie wote unachotumia.

Na bima ya kununua kupitia soko la serikali usiipuuze kwa kuwa ya kazini inakuja. Ukipoteza bima una siku 60 za kujiandikisha kwenye HealthCare.gov, na miezi mitatu ni mirefu kwa mtu mwenye pumu. Jumamosi nitakuwa nyumbani, tuifungue pamoja kwenye simu tuone mchango wako wa mwezi ungekuwa kiasi gani.

Nimekutumia dola 35 leo asubuhi. Ni za Symbicort, si za kitu kingine. Kesho ukitoka kazini pita famasi, na kuanzia kesho hiyohiyo uvute asubuhi na jioni. Ukishaipata nipigie hata kama ni usiku, nitakuwa macho.

Mama yako