Mtoto hajiamini? Anzia dukani kwa Mangi

Dada uliyeuliza, nimekuelewa hivi: mtoto ana miaka minane, yuko darasa la tatu. Nyumbani anaongea mpaka anakera, wageni wakija anajifungia chumbani, darasani hanyooshi mkono, na mwalimu kaandika kwenye ripoti "hajiamini". Baba yake anataka apelekwe bweni akakomae. Wewe kila siku unamwambia "jiamini, mwanangu", na hubahatiki kuona badiliko.

Hutaliona kwa njia hiyo. Mtoto hujiamini akiwa na ushahidi mkononi: kazi ya kweli, ambayo angeweza kuikosea, na ameimaliza mwenyewe. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliliandika hili mwaka 1977, kwamba kufanya jambo na kulifaulu kunampa mtu imani kuliko maneno ya kumtia moyo. Kwa hiyo jiulize: wiki hii nimpe afanye nini, na mimi nikae mbali kiasi gani?

Kwa mazingira yetu zoezi zuri na lisilo na gharama ni kutumwa dukani. Wengi tunawatuma, ila tunawatuma vibaya. Mtoto anapewa karatasi na hela kamili, anamkabidhi Mangi bila kufungua mdomo, anarudi na mfuko. Chumvi imepatikana, mtoto hajapata kitu.

Chagua duka lisilohitaji kuvuka barabara kubwa, ikiwezekana unaloliona ukiwa getini. Iwe mchana, na mwambie wazi kwamba biashara inaishia dirishani, haingii ndani ya duka wala nyumba ya mtu. Mara za kwanza nenda naye, usimame hatua kumi nyuma ukiangalia simu au ukipiga soga na jirani. Ukimkodolea macho ataganda. Mpe vitu viwili tu, na noti inayodai chenji. Tuseme sukari nusu ni 1,600, chumvi 500, noti ya 5,000. Kabla hajatoka akutajie ananunua nini na anarudi na shilingi ngapi. Akikwama, wekeni hela mezani mhesabu pamoja hadi aione 2,900. Kisha maneno yenyewe: "Shikamoo. Naomba sukari nusu na chumvi moja." Ayaseme akiwa chumbani nawe uko sebuleni, uyasikie. Dirisha la duka lina nondo, ndani friji inanguruma na redio iko juu; sauti ndogo haifiki hata kama mwenye nayo ni jasiri. Chenji aihesabu pale pale, kabla hajageuka.

Mambo huharibika pale watu wazima wanapompita. Kasimama dakika kumi, watano wamehudumiwa juu ya kichwa chake, karudi mikono mitupu, nyumbani anapokewa na "hata chumvi inakushinda?" Siku nyingine hataki kutumwa, na nyie mnamwita mvivu. Mfundishe sentensi moja: "Samahani, mimi nilitangulia." Igizeni sebuleni. Wewe uwe mteja mkorofi unayejipenyeza na mfuko wako, yeye aseme. Rudieni mara tatu nne, kisha mbadilishane, yeye awe mkorofi (hapo atacheka, na hicho kicheko kinasaidia). Mangi naye mwombe pembeni asimmalizie sentensi.

Akileta chenji pungufu, tafadhali usijifunge khanga ukaenda kufoka mwenyewe. Ahesabu tena, ajue kilichopungua, halafu mrudi wote, wewe ukibaki nyuma. Yeye ndiye aseme: "Samahani, umenirudishia elfu mbili mia nne, ilikuwa iwe elfu mbili mia tisa." Ikishindikana kabisa, yeye aanze "samahani" nawe umalizie, mara nyingine atasogea mbele kidogo. Ile mia tano ikirudi kwa mdomo wake imefanya kazi kubwa kuliko nasaha za mwezi mzima. Baada ya wiki mbili tatu ongeza ugumu: vitu vitatu, kisha swali ("Mkate huu ni wa leo?"), kisha kazi ngumu kuliko zote kwa mtoto mwenye haya, kurudisha yai bovu.

Wageni. Acha kumwambia mgeni "huyu ana aibu huyu", hata kwa utani. Mtoto anasikia, na kuanzia hapo ana ruhusa rasmi ya kujificha. Na ule mtindo wa "Amkia! Wewe bubu?" mbele ya watu unamfundisha kwamba kuamkia ni aibu yenyewe. Mwambie mapema nani anakuja, na mpe jukumu: kupokea mzigo mlangoni, kuleta maji, kumwonyesha mgeni pa kunawa. Mtoto mwenye la kufanya na mikono yake huongea kirahisi kuliko aliyesimamishwa katikati ya sebule aangaliwe. Shikamoo aitoe akiwa amebeba kitu. Mgeni akimuuliza "uko darasa la ngapi?", wewe nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Akina mama wengi hujibu ikifika mbili, ndiyo maana mtoto amezoea kuwa na msemaji.

Kwenye sifa nako tunateleza, hasa sisi tuliolelewa bila kusifiwa tukaamua kwa wetu tumwage. "Wewe una akili sana!" inasikika vizuri, lakini utafiti wa Claudia Mueller na Carol Dweck uliochapishwa 1998, kwa watoto wa darasa la tano Marekani, ulionyesha upande wa pili. Waliosifiwa akili zao, walipokutana na maswali magumu walikata tamaa mapema kuliko waliosifiwa bidii, na baadhi walidanganya alama walizopata. Ndivyo ilivyo: kama sifa yangu ni akili, nikikosa hesabu moja nimepoteza cheo. Taja ulichokiona. "Umefuta, ukaanza upya, ukapata." "Leo umemsubiri Mangi mpaka zamu yako." Basi, usiongeze chumvi. Ukisifia kila kitu, sifa inakuwa kama salamu tu.

Kazi ya nyumbani apewe moja iliyo yake kabisa. Kwa miaka minane inaweza kuwa kuosha vikombe vya chai, kumwagilia, kukunja nguo zake, au kulisha kuku. Sheria ni moja: usiirudie mbele yake. Kikombe kikibaki na sabuni, mwite aone, akisuuze mwenyewe. Ukikinyakua na kusonya, umeshamwambia kwamba kazi yake haihesabiki. Jiko la mkaa na maji yanayochemka bado ni vya kusimamiwa. Hapo usikae mbali.

Darasani kuna mambo mawili. Kwanza, darasa la watoto sabini au zaidi halimpi mtoto mkimya nafasi asipotafutiwa. Mwendee mwalimu, usiende na malalamiko, omba kitu kidogo kinachowezekana: mara moja kwa wiki amuulize swali mnalolijua. Usiku wa kuamkia siku hiyo lifanyeni nyumbani mpaka alielezee bila daftari. Akishajibu mbele ya wenzake mara kadhaa, mkono huanza kunyanyuka wenyewe kwenye yale anayoyajua.

Pili, kusoma kwa sauti. Wazazi tunasahihisha kila neno, na mtoto anajifunza kusoma huku anatuangalia usoni. Aya fupi moja, dakika tano hadi kumi kila jioni. Asome mpaka mwisho, wewe ukiweka nukta ya penseli alipokosea. Mkimaliza mrudie yale maneno matatu au manne tu, kisha aisome aya tena. Kama amehamishwa kutoka shule ya Kiswahili kwenda ya Kiingereza, jua kwamba ukimya wa miezi ya mwanzo mara nyingi ni lugha, wala tabia yake haina tatizo. Mwache aeleze somo kwa Kiswahili kwanza. Akilielewa, maneno ya Kiingereza yanapata pa kukaa. Na kile kibwagizo cha "mtoto wa mama fulani kawa wa pili, wewe wa thelathini" kife leo.

Angalia pia dalili ambazo chanzo chake si aibu. Anayeomba urudie kila kitu apimwe masikio. Anayekosea kunakili ubaoni apimwe macho. Mwenye kigugumizi usimmalizie neno wala kumwambia "pumua kwanza", msubiri. Anayeongea vizuri nyumbani lakini shuleni hatamki neno kabisa kwa zaidi ya mwezi, na si mgeni shuleni hapo, anahitaji mtaalamu wa saikolojia ya watoto, kumlazimisha kunazidisha. Na mtoto aliyekuwa mchangamfu akanyamaza ghafla, anakataa kwenda mahali fulani au kubaki na mtu fulani, hilo halina uhusiano na kujiamini. Muulize kwa utulivu mkiwa wawili, na ukihitaji msaada piga 116, Simu ya Mtoto. Ni bure, Tanzania na Kenya.

Kuhusu bweni, mwambie shemeji kwamba kwa darasa la tatu hapa Tanzania huko kumefungwa. Tangu 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano, isipokuwa kwa kibali maalumu. Hata kisingekuwepo kizuizi, mtoto asiyeweza kusema "nilitangulia" dukani hataweza kusema "hilo godoro ni langu" bwenini. Baba mpe kazi inayomfaa zaidi: Jumamosi ampeleke kinyozi, mtoto aeleze mwenyewe anataka kunyolewa vipi, baba asitie neno hata kinyozi akimgeukia yeye. Mkato ukienda upande, nywele zitaota. Na hela aitoe mtoto.