Shamba letu limepakwa kijani kwenye ramani ya mpango: tuuze au tusubiri?

SWALI: Marehemu baba ametuachia shamba la ekari tatu Kigamboni, Dar es Salaam, upande wa Kimbiji. Juu kuna minazi na miembe, chini bondeni tunalima mpunga. Zamani palikuwa kijiji, siku hizi ni mtaa. Juzi ofisi ya mtaa imebandika rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi na tumeitwa mkutanoni. Kwenye ramani shamba letu nusu ni njano, nusu kijani, na barabara imekatiza katikati. Tunayo karatasi ya mauziano ya mwaka 1987 tu. Dalali anatuhimiza tuuze upesi kabla halijachukuliwa. Tufanyeje?

JIBU: Poleni kwanza kwa kuondokewa na mzee. Swali lenu la mwisho nalijibu mwanzo: msiuze kwa kuogopa ramani. Rasimu iliyobandikwa ukutani haijachukua hata mnazi mmoja.

Watu wengi huchanganya hatua nne za kupanga ardhi na kutwaliwa kwa ardhi, na madalali wanaishi kwa mchanganyiko huo. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, eneo hutangazwa kuwa eneo la mipango. Halafu unachorwa mpango wa jumla, ambao husema tu upande huu makazi, ule kilimo, kule viwanda. Baadaye huja mpango kina, unaokata eneo kuwa viwanja, njia, shule, soko na makaburi. Ndipo mpimaji anafika na mawe yake ya mipaka. Kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma si mojawapo ya hatua hizo. Kuna sheria yake ya tangu 1967, na lazima mpewe notisi, mthamini afike shambani na fidia ilipwe.

Wala msikubali kuambiwa kwamba kwa kuwa hamna hati, hamna haki. Mwaka 1994, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani ilisema haki ya kimila juu ya ardhi, yaani kuimiliki kwa desturi bila hati, ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Lakini kuna upande wa pili ambao watu hawaambiwi. Mahakama zimeshaonya pia kwamba eneo likishatangazwa la mipango na kupimwa, mwenye ardhi ya kimila afanye hima kuomba hati. Akikaa kimya, anaweza kukuta mwingine amemilikishwa. Kwa hiyo msiuze, lakini msilale pia.

Sasa hizo rangi. Njano kwa kawaida ni makazi. Kijani ndiyo inayotisha watu, na ndiyo yenye maana nyingi: kilimo, eneo la wazi la umma, msitu, au mkondo wa maji. Nendeni na mtu mwenye macho mazuri, msome ufunguo wa ramani. Mkikuta ni kilimo, mtaendelea kulima kama kawaida, ila kujenga nyumba hapo hamtapewa kibali. Mkikuta ni eneo la wazi la umma, ulizeni mbele ya watu wote: nani atalipa fidia, na lini? Hakuna mpango wenye haki unaogeuza shamba la familia kuwa uwanja wa wote kwa rangi tu.

Mimi nadhani kijani chenu ni lile bonde la mpunga, na kama ni hivyo, hata mimi ningelipaka rangi hiyohiyo. Maji hayasahau njia yake. Bonde la Msimbazi tulilijaza nyumba, na baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia zikahamishiwa Mabwepande zikaanze maisha upya. Kubakiza bonde la mpunga kuwa la mpunga ni kuwalinda walio juu na walio chini yake.

Kuhusu barabara, ulizeni ni ya daraja gani. Barabara kuu na za mkoa, kwa Sheria ya Barabara ya 2007, zina hifadhi, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Hapo shamba la ekari tatu linaumia kweli. Ikiwa ni njia ya mtaa, ni nyembamba zaidi, na mara nyingi inaweza kusogezwa ifuate mpaka wa mashamba badala ya kukata katikati. Mchoraji anatumia picha ya angani. Haoni kaburi la bibi chini ya mwembe, wala kijia ambacho watoto wanapita kwenda shule. Mnaojua hayo ni ninyi.

Ninawahimiza hivi kwa sababu Kigamboni ina kidonda chake. Mwaka 2008 wakazi walizuiwa kujenga na kuuziana kwa ajili ya mji mpya. Walisubiri miaka mingi, na mji ule haukujengwa kama ulivyochorwa. Kabla ya hapo, mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima mashamba ya pembezoni mwa jiji, yakiwemo ya Kibada na Gezaulole. Wengi waliolipwa walikwenda kununua mashamba mengine mbele zaidi, yasiyopimwa. Ndiyo maana swali la kwanza mkutanoni liwe hili: katika muda wa mpango, tunaruhusiwa kufanya nini, na zuio likiwepo linaisha lini? Jibu liandikwe kwenye muhtasari.

Tena kuna jambo ambalo dalali hakuwaambia: hata mkitaka kuuza leo, bado hamwezi kuuza kihalali. Shamba bado ni la marehemu. Kaeni kikao cha familia, mteueni msimamizi wa mirathi, mpeleke muhtasari na cheti cha kifo mahakamani athibitishwe. Huyo ndiye atakayeomba hati, kupokea fidia kama itakuwepo, au kutia sahihi ya mauzo. Nimeona familia zikikosa fidia kwa miezi kwa sababu walijitokeza warithi watano na hakuna aliyethibitishwa.

Siku ya mkutano, chukueni karatasi mchore shamba kwa mkono: minazi iko wapi, maji yanapita wapi, makaburi yako wapi, mnapakana na nani. Pingamizi au maombi yenu yawe ya maandishi, yagongwe muhuri wa kupokelewa, na ninyi mbaki na nakala. Ile karatasi ya 1987 itoeni kivuli. Halisi isitoke nyumbani.