Kitambaa Chenye Matundu Huzuiaje Mlipuko?

Swali: Mhandisi, ninasimamia jengo la ofisi la ghorofa nne mjini Nakuru, ambalo upande wake wa barabarani ni vioo vitupu. Muuzaji mmoja ameniletea kitambaa cha pazia anachodai huzuia mlipuko wa bomu au wa gesi, lakini nilipokiinua dirishani niliona mwanga ukipenya. Je, huu si ulaghai?

Jibu: Matundu hayo yana kazi yake; dai la muuzaji ndilo linalopotosha. Kitambaa hicho hakikusudiwi kuzuia upepo wa mlipuko bali kudaka vipande vya kioo, na upepo usipopata pa kupita utaling'oa pazia zima. Katika shambulio la Nairobi la Agosti 7, 1998, watu wengi walikimbilia madirishani waliposikia kishindo cha kwanza, na bomu lilipolipuka, vioo vikawapofusha.

Iwapo ulichoonyeshwa ni cha aina iliyoendelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, uzi wake ukivutwa hunenepa badala ya kukonda. Chukua ukanda mnene wa mpira, uuzungushie mshipi wa kuvulia samaki, kisha uvute ncha za vyote viwili kwa pamoja: mshipi, kwa kuwa haunyumbuki, utanyooka, na sasa mpira ndio utakaojipinda kuuzunguka, ukichukua nafasi pana kuliko awali. Nyuzi za namna hiyo zikifumwa pamoja, msukumo hufungua vitundu vingi vidogo kwa wakati mmoja, hewa ikapita na vioo vikabaki.

Kuhusu gesi, mtungi ukilipuka ndani ya jengo, vioo hurushwa nje, na pazia la ndani halitamfaa mpita njia.

Hata hivyo, mimi nisingeanza na kitambaa. Fremu nyingi za alumini ninazokagua hapa Kisumu zimeshikwa na skrubu fupi zilizoishia kwenye plasta, nazo hung'oka nzimanzima. Zikishaimarishwa, bandika utando wa plastiki upande wa ndani wa vioo ili vikivunjika vishikamane. Pazia lifuate, likifungwa kwenye ukuta wenyewe, likiwa pana na refu kuliko dirisha. Yale ya zamani ya Uingereza yalitiwa uzito kwenye pindo la chini, na ziada ikakunjwa ndani ya kisanduku ili lipate kutuna bila kuchanika.

Mwombe muuzaji cheti cha majaribio yaliyofanywa kitambaa kikiwa kimefungwa kwenye dirisha lenye kioo kama chako. Akikuletea video ya mtu akikivuta kwa mikono, mrudishie kitambaa chake.