Kopo la Mililita 400

Juzi usiku kijana mmoja wa Faza, huku Lamu, kanitumia ujumbe: "Fundi, shikamoo. Chuoni wameniambia nirudie hesabu na Kiingereza muhula mzima ndipo niingie karakana. Nirudi baharini tu?" Kahawa yangu ilipoa mkononi. Swali hilo nililiuliza mwenyewe miaka 13 nyuma, na hakuna aliyenijibu.

Mimi nilimaliza sekondari na D. Diploma inataka C-, kwa hiyo nikajiandikisha cheti cha umekanika katika chuo kimoja, jina nalihifadhi. Asubuhi hesabu ubaoni, x na y zisizo na mwenyewe. Mchana karakana. Mwalimu wa hesabu hajui spana, na wa karakana anadhani hesabu tumeshazimaliza. Ukikwama, huyu anakutupia kwa yule. Siku moja nikaulizwa mbele ya darasa zima: kipi kikubwa, 1/2 au 9/16? Nikasema nusu. Wakaangua kicheko, na mwalimu akaongeza: "Wewe hapa umekuja kufanya nini?" Nimemsamehe. Kusahau bado. Muhula wa pili sikurudi.

Nikaenda kwa fundi wa mashine za boti, Mokowe. Mwaka wa kuosha kabureta na kutumwa chai tuuruke. Ikaja siku akaniachia mashine ya mteja wa Kizingitini, ile ya kuchanganya oili na petroli, 50:1, yaani sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili. Mtungi wa lita 20, oili nikatia kwa kukisia. Boti haikumaliza mkondo wa Mkanda, mashine ikanoki.

Fundi hakunitukana. Alimwita shemeji yake, maalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mzee akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, fundi kasimama na mtungi. "Lita 20 ni mililita ngapi?" Elfu ishirini. "Gawa kwa 50." 400. Fundi akajaza kopo la mililita 400, kisha akanimiminia kiasi kile nilichotia mimi. Haikufika nusu ya kopo. Halafu maalimu akaomba spana za inchi, akazilaza mbili, ya 1/2 na ya 9/16, kwenye kiganja changu. "Nusu ni 8/16. Haya, niambie sasa." Machozi yalinitoka, nikasingizia petroli.

Tangu hapo wakawa wawili juu yangu kila jioni. Kitabu cha mashine ni Kiingereza, basi maneno niliyafundishwa moja moja, kila neno na kidole juu ya kifaa chenyewe. Nikafanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, gredi ya 3, nikapita. Gredi ya 2, iliyo juu yake, nikapita. Semeni tena sijui nimekuja kufanya nini.

Miaka baadaye nikasoma kwamba Marekani, katika jimbo la Washington, vyuo vya jamii vina mpango uitwao I-BEST, ulioanza kwa majaribio 2004. Mwalimu wa ufundi na mwalimu wa stadi za msingi, yaani kusoma na hesabu, wanaingia darasa moja, na angalau nusu ya saa za somo wanakuwa pamoja. Nilicheka peke yangu. Kumbe jambo letu la juu ya ndoo wenzetu wameliwekea kanuni!

Kwa hiyo mwanangu, na wote mnaotaka kuitwa fundi na si msaidizi wa fundi, ushauri wangu ni huu: tafuta watu wawili. Mmoja wa kazi, mmoja wa hesabu na kusoma, na wakae pamoja. Hesabu uitoe kwenye kazi, umpelekee mwalimu: oili, nyuzi za bolti, bei ya vipuri. Muhula wakikurudisha, usiache kushika spana hata wiki moja. Na narudia, wawe wawili, tena pamoja. Mmoja mmoja kwa zamu ndiko kule kule nilikotoka mimi.

Nanyi walimu, mtoto aliyeshindwa na ubao kwa miaka kumi na miwili mnamrudishaje ubaoni kwanza? Dakika ishirini ndani ya karakana zingewapunguzia nini? Anayemcheka mwanafunzi anamfukuza, hata asipomwandikia barua. Mwogopeni Mungu.

Kijana nimemjibu aje Jumamosi baada ya alasiri, na daftari la chuo na kitabu cha mashine. Aandike namba kubwa kubwa, maalimu siku hizi macho hayamsaidii. Ndoo ipo pale pale.