Saratani ya matiti upande wa baba: kwetu alianza kupimwa shangazi

Dada yangu, umeuliza kama una sababu ya kuhofu ilhali mama yako na ndugu zake wote ni wazima, na waliougua saratani ya matiti ni shangazi zako wawili. Nakujibu kwa yaliyonipata mimi mwenyewe hapa Dar es Salaam, kwa kuwa swali hilo lilikuwa langu miaka sita iliyopita.

Siku ya kwanza nilipokwenda kuchunguzwa, niliulizwa kama mama au dada yangu aliwahi kuugua. Nikajibu hapana, ikaandikwa kwamba familia yetu haina historia ya ugonjwa huo. Wakati huo shangazi yangu mkubwa tulikuwa tumekwisha kumzika akiwa na miaka 41, na mdogo wake alikuwa akipata mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya hapa Dar es Salaam. Habari za kwa baba hakuna aliyeziuliza, nami sikujua kwamba zinahusu. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na hitilafu huongeza sana hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, zimo katika kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) ya 17 na ya 13, ambazo wanaume wanazo kama wanawake, na mzazi yeyote mwenye nakala yenye hitilafu anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Baba anaweza kuibeba maisha yake yote bila kuugua, akamwachia binti yake. Kaka zako nao wasikae pembeni, maana hitilafu ya BRCA2 huongeza hatari ya saratani ya tezi dume, na hata ya matiti kwa wanaume.

Jeni hizo husaidia kukarabati DNA inapokatika. Mtafiti Mary-Claire King wa Marekani alionyesha mwaka 1990 mahali ilipo BRCA1 kwa kufuatilia koo ambazo wanawake wengi waliugua wakiwa bado vijana. Jeni yenyewe ikatambuliwa mwaka 1994. Daktari bingwa niliyempata baadaye naye alianzia hapo hapo, kwenye ukoo. Alichora shangazi, bibi mzaa baba na mabinti wa baba wakubwa, akataka umri wa kila mmoja alipogundulika, na kama kuna aliyeugua saratani ya ovari. Nililazimika kwenda kukaa na bibi siku mbili nikiuliza.

Nilitaka nipimwe mimi mara moja, lakini alinizuia. Alinieleza kwamba kama haijulikani ni hitilafu gani iliyomo katika ukoo, kipimo changu kikionyesha sina kitu, jibu hilo halitanitoa wasiwasi, kwani huenda chanzo ni kingine ambacho hakikuonekana. Huanza aliyeugua. Shangazi alikubali, ndugu wakachanga, damu yake ikapelekwa nje ya nchi.

Jibu lilisema kwamba ana badiliko katika BRCA2 ambalo maana yake bado haijajulikana. Majibu ya namna hiyo huwapata zaidi Waafrika, kwa kuwa taarifa nyingi za vinasaba zinazotumika kulinganishia zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Tafiti za kwetu zinahitajika mno: ule wa Nigeria uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa zaidi ya 1,100, ulikuta takriban asilimia 11 wana hitilafu za BRCA1 au BRCA2.

Daktari alisisitiza kwamba karatasi ile isimfanye mtu yeyote akatwe titi, wala mimi nisipimwe badiliko hilo ili kujua hatari yangu. Hata hivyo, historia ya ukoo inabaki kuwa historia, hivyo kila mwaka nachunguzwa matiti na kupigwa picha. Shangazi naye hurudi kuuliza kama tafsiri ya badiliko lake imebadilika, maana maabara huzipitia upya kadiri taarifa zinavyoongezeka. Kama mmoja wa shangazi zako yu hai, zungumza naye kwanza, kwa upole, kabla hujatoa damu yako.