Mbwa aingize pua mwenyewe: kwa wanaoanza kutembeza mbwa

Mdogo wangu, ukianza kazi hii huku Nyali utakabidhiwa siku moja jibwa la kilo 35 lenye nguvu, na badala ya wewe kulitembeza, litakutembeza wewe. Hapo ndipo utaletewa hatamu ya kichwa: ukanda mmoja unapita nyuma ya masikio, mwingine unazunguka pua, kamba inafungwa chini ya kidevu. Ni akili ile ile ya hatamu ya punda. Kichwa kikigeuka, mwili unafuata.

Si kifunga mdomo. Mbwa aliyevaa hatamu iliyomkaa sawasawa anahema, anakunywa maji, anakula, na akitaka kuuma anauma. Usijisahau.

Kosa langu lilikuwa haraka. Mbwa wangu wa kwanza, Simba, nilimvisha na kumtoa getini papo hapo. Hatukufika hata kwenye kona. Alijibwaga chini, akawa anasugua pua kwenye lami na kujikwaruza kwa kucha, tuktuk zinapiga honi nyuma yetu. Nilipomvua, pua ilikuwa imechubuka. Tangu hapo akiiona tu hatamu mkononi mwangu anaingia chini ya gari. Nilianza upya, na ilinichukua wiki tatu kurudisha imani niliyoivunja kwa dakika tano.

Kwa hivyo siku za mwanzo usifunge chochote. Chemsha maini, yakate vipande vidogo kama punje za mahindi. Shika kitanzi cha pua wazi kwa mkono mmoja, kipande cha ini kiwe upande wa pili, halafu tulia. Usimsogezee kitanzi usoni. Mwache aingize pua mwenyewe kukifuata kipande. Akiingiza, mpe, kisha mwache atoe pua. Mara kumi, basi, mkaendelee na mengine. Siku utakayomwona anatumbukiza pua kabla hujatoa ini mfukoni, ndiyo siku ya kuongeza sekunde mbili tatu, kisha kufunga ukanda wa nyuma kwa muda mfupi huku anakula. Akianza kujikwaruza, mwite, mtembeze hatua chache, mpe ini akiwa ametulia. Ukimvua katikati ya vurugu, amejifunza kwamba vurugu ndiyo inayomvua.

Ukanda wa shingo ukae juu kabisa, nyuma ya masikio, kidole kimoja tu kipite. Wa pua uwe na nafasi ya kumwezesha kufungua mdomo, lakini usivuke ncha ya pua. Mbwa wa pua fupi hatamu hii haimfai.

Kamba usiivute kwa kishindo, wala usitumie ile ndefu inayojirefusha: mbwa akichomoka mbio ikafika mwisho, shingo yake ndiyo inayopigwa mkiki. Funga pia kamba ya akiba kwenye kola, maana hatamu huchomoka.

Mimi hatamu naithamini zaidi jioni, watu wakielekea msikitini kwa Magharibi. Wengi wa majirani zetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Pua yenye unyevu ikigusa kanzu ya mzee, kanzu ile haiswaliwi mpaka ioshwe mara 7, mara moja kwa maji yenye udongo. Ukimwona mzee anakuja, geuza kichwa cha mbwa upande wako taratibu, simameni pembeni, mpe nafasi apite na twahara yake. Msalimie.

Mazoezi ya njiani yafanye saa 12 asubuhi, joto halijapanda. Mbwa hujipoza kwa kuhema, naye akipambana na kitu kigeni usoni joto humzidi haraka.

Mkirudi mvue, asilale nayo. Kama mlipita ufukweni isuuze kwa maji baridi, maana mchanga na chumvi vikikauka kwenye ukanda humchubua pale pale juu ya pua.