Jioni Zangu Nazilipia Nusu ya Udalali

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: mtu ambaye riziki yake iko kwa wateja, na wateja hawajui saa, afanye nini ili wateja wasimkimbie na nyumbani wasimkose? Nimeona nijibu, kwa sababu kazi yangu ni udalali wa nyumba na viwanja hapa Tanga mjini. Nina watoto watatu, na baba yao ni mtu wa shifti bandarini, kwa hiyo jioni nyingi nyumbani niko mimi tu.

Najua mtaletewa majibu mengi ya "zima simu ikifika saa 12 jioni". Anayeshauri hivyo mara nyingi ana mshahara, simu izimwe isizimwe, mwisho wa mwezi unaingia. Dalali halipwi kwa kutembea wala kwa kuonyesha. Analipwa mkataba ukishasainiwa. Unaweza kumzungusha mtu kuanzia Chumbageni mpaka Sahare, ukamtoa Sahare ukampeleka Mikanjuni, mwisho akakuambia "nitakucheki", na jumla yako ya siku hiyo ikawa nauli uliyomlipa bodaboda.

Na nyumba yenyewe si yako peke yako. Mwenye nyumba akishapaka rangi, kila dalali anayepita mtaani anaambiwa "nitafutie mpangaji". Mpangaji naye kapiga simu kwa madalali wanne. Anayepokea wa kwanza ndiye mwenye mteja, na udalali wa nyumba ya kupanga ni kodi ya mwezi mmoja, nyumba ya 250,000 udalali wake 250,000. Hapo mtu anapata wapi ubavu wa kuzima simu? Namba ngeni ikiingia saa 3 usiku, huioni kama usumbufu, unaiona ada ya shule.

Ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema ni suala la nidhamu, ati mtu ajipangie ratiba na kuiheshimu. Madalali ninaowafahamu wana nidhamu kuliko watu wengi wa ofisini. Kinachotula jioni ni namna tunavyolipwa: wa kwanza kachukua vyote, wa pili kaambulia patupu. Ukiligusa hilo, jioni zinarudi. Usipoligusa, utazima simu wiki moja, ya pili utaiwasha mwenyewe chini ya mto.

Nilichofanya ni kutafuta mwenzangu. Ni dalali wa Makorora, kijana aliyekuja mjini kutoka upande wa Lushoto, Mkristo, nami ni Mwislamu. Tulikaa kwenye benchi la fundi viatu tukakubaliana: kila mteja aliyeingia kwa yeyote kati yetu ni wa wote wawili, na udalali tunagawana nusu kwa nusu, hata kama mmoja hakuinuka kitini. Ijumaa ni yake mpaka watu watoke msikitini, na jioni baada ya magharibi ni zake pia, kwa sababu bado hajaoa na usiku kwake ni mchana. Jumapili asubuhi ni yangu, maana yeye yuko kanisani na wanangu wako madrasa. Mwezi wa Ramadhani ananibebea kuanzia alasiri, na Krismasi namrudishia.

Wapo walioniambia nimejipunja. Kwenye ile nyumba ya 250,000 napata 125,000, na wakati mwingine mteja nilimpata mimi, nyumba niliitafuta mimi, mwenzangu kaenda kufungua geti tu. Ni kweli. Lakini zipo nyumba ambazo mimi nilikuwa napika futari na yeye akazimaliza mpaka funguo. Sijawahi kukaa na kalamu kupiga hesabu nani kamzidi mwenzake, na naamini siku tutakayoanza kupiga hesabu hiyo ndiyo siku ushirika utakapokufa. Hizo nusu ninazompa ndiyo bei ya kukaa na wanangu wakifanya hesabu zao za shule. Naiona bei ya haki.

Nyumbani walikuwa wameshazoea vibaya. Mwanangu wa darasa la nne alikuwa akipokea simu nikiwa jikoni, na anajibu bila kupepesa: "Ipo shangazi, ina fensi, luku inajitegemea, maji yamo ndani, dirisha za alminiamu." Wageni wakicheka, mimi nacheka nao, baba yake hacheki. Siku hizi simu ya kazi ikifika magharibi inaelekezwa kwa mwenzangu, na mtoto amerudi kwenye daftari lake, ingawa nikisahau kuielekeza bado anaikimbilia.

Sasa niseme jambo ambalo wateja wengi hawapendi kulisikia. Nyumba haionyeshwi usiku. Mteja anayetoka kazini saa 12 na kutaka "tuione chap chap" anajidhuru mwenyewe. Kwanza nyumba ikiwa tupu mara nyingi umeme wa luku umekwisha, mtamulika kwa tochi za simu. Kwa tochi utaona marumaru zinang'aa. Hutaona madoa ya njano kwenye jipsamu pale kwenye kona, ambayo yanakuambia bati limetoboka. Hutaona rangi iliyopakwa juzi kufunika ukuta unaotoa chumvi. Sisi tuko pwani, nyumba za Raskazone na Sahare zilizo karibu na maji zinaliwa na hewa ya bahari, nondo za dirisha zinapata kutu na plasta inabanduka kwa chini kama magamba ya samaki. Mteja akipitisha kiganja ukutani saa 4 asubuhi, unga mweupe unabaki mkononi. Hapo anajua aombe ukuta ukwanguliwe kabla hajalipa kodi ya miezi 6, au aombe apunguziwe.

Na ikiwa ni masika, kuanzia Machi mpaka Mei, mimi napenda kumpeleka mteja asubuhi baada ya usiku wa mvua. Ataona mwenyewe maji yalipopita, mstari wa tope ukutani, na majirani wanaotoa ndoo nje. Dalali gani anaonyesha hivyo? Dalali ambaye hataki kupigiwa simu na mpangaji anayelia mwezi wa pili tu baada ya kuhamia. Simu za usiku zinazochosha kuliko zote hazitoki kwa wanaotafuta nyumba, zinatoka kwa walioshapata.

Kwa hiyo saa zangu za kuonyesha ni saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni, na nikimweleza mteja sababu, wengi wanaelewa. Wanaofanya kazi siku zote sita nawapa Jumapili. Siku hizi wa namna hiyo ni wengi. Huu mji tuliuimba kwa "waja leo waondoka leo", lakini tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi liwekwe Chongoleani mwaka 2017, bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima kule Uganda, kuna watu wamekuja na hawaondoki leo wala kesho. Wanataka chumba masta, sebule na jiko, karibu na barabara, na wana siku moja tu ya mapumziko. Hao siwezi kuwaambia waje Jumanne saa 5.

Natoza 10,000 ya kuonyesha, ambayo si malipo ya kazi, ni ya usafiri. Hapa ndipo tunapotukanwa, na baadhi yetu tumeyataka, maana wapo wanaokusanya 10,000 za watu kumi kwa chumba ambacho kilishapangishwa. Mimi naipokea tukiwa tumekutana, si kabla, na mteja akichukua nyumba naikata kwenye udalali. Hela hiyo inalipa bajaji, lakini faida yake kubwa ni nyingine: aliyetoa 10,000 anakuja kwa wakati. Asiyetoa anakuambia yuko njiani huku unasikia maji ya bafu. Masaa niliyokuwa nikipoteza nimesimama chini ya mwembe mbele ya geti la mtu yalikuwa masaa ya wanangu.

Viwanja vina usumbufu wa aina nyingine. Mtu wa kupanga anahangaika siku chache, mtu wa kununua anakosa usingizi miezi. Kauza ng'ombe, kachukua mkopo, kavunja kibubu cha maisha, na kila ikifika saa 5 usiku anakumbuka habari ya jirani aliyeuziwa kiwanja cha watu wawili. Anakupigia. Hana swali, ana hofu tu. Zamani nilidhani mteja wa namna hiyo anahitaji kutulizwa kwa maneno. Sivyo, anahitaji karatasi.

Kwa hiyo kabla sijampandisha mtu kwenye bajaji kwenda Pongwe au Mwahako, muuzaji anipe kwanza nakala ya hati au barua ya toleo, ile ya serikali ya kummilikisha mtu kiwanja, na kama kiwanja hakijapimwa tuongozane mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa na majirani wa pande zote nne. Kama muuzaji ana mke au mume, namtaka naye awepo, hasa ikiwa ni nyumba wanayoishi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, haimruhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na nimeshaona mama akitokea na kanga kiunoni siku ya kuhesabu hela. Kama ni mali ya marehemu, sizungumzi na "kaka mkubwa wa familia". Nazungumza na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Na mauziano yawe ya maandishi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka hivyo, na hata isingetaka ningelala vibaya bila maandishi. Mnunuzi nampa nakala za kila kitu mkononi, kisha namwambia aende mwenyewe ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, yaani kuangalia kwenye kumbukumbu zao kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, bila mimi. Akirudi na majibu yake, saa 5 usiku analala.

Kazi yote hiyo ni ya mchana, inachosha, na wauzaji wengine wananikimbia wakisikia neno mahakama. Waende. Kila muuzaji aliyenikimbia kwa sababu ya karatasi kaniondolea simu za usiku kucha.

Nyumba za urithi za Ngamiani, zile za barabara za namba, zina mtihani wao. Nyumba moja ina warithi saba: wawili wapo hapa, mmoja Mombasa, wengine Muscat na Uingereza, na binti mdogo yuko Toronto. Uingereza wako nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa joto, hivyo wa huko akimaliza kula cha jioni na kukumbuka nyumba ya babu, huku ni usiku wa manane. Wa Toronto ana nafuu, anapopiga kabla ya kulala mimi ndiyo kwanza nimetoka kwenye mkeka wa alfajiri, naye naongea naye vizuri kuliko wote. Kwa familia za hivyo siku hizi naomba kitu kimoja kabla ya kuanza: wachague mtu mmoja wa kuzungumza na mimi, wengine wamuulize yeye. Wakishindwa kumchagua huyo mmoja, basi hata bei hawatakubaliana, na nyumba hiyo naiacha. Kuna ugomvi wa mabinamu ambao hakuna udalali unaoweza kuufidia.

Hao wote ni wageni, na kwa mgeni unaweza kuweka utaratibu. Ndugu hana utaratibu. Ndugu anakuja nyumbani kwako saa 2 usiku, anapikiwa, anakula, na kwenye kunawa mikono ndipo anasema, "Mwanangu, nitafutie chumba na sebule, kiwe cha bei nzuri." Kwenye shughuli ya harusi unavutwa pembeni na mtu usiyejua mmeunganika kwa nani. Msibani pia, samahani kwa kusema. Na ndugu halipi udalali. Ukimtajia anakutazama kama umeomba ulipwe kwa salamu, na habari inafika kwa mama mkwe kabla hujafika wewe.

Kwa hao nimeshakoma kubishana. Nawasikiliza, nawapa shikamoo zao zote, kisha nawapa namba ya mwenzangu wa Makorora, nikisema kwamba upande ule wa mji yeye ndiye mwenye nyumba nzuri. Yeye anawaonyesha mchana kama wateja wengine, anawadai 10,000 yake, na kwa sababu hawamjui mama yake, wanatoa. Shangazi mmoja upande wa mume wangu amehamia Mikanjuni kwa mtindo huo mwezi uliopita. Alilipa udalali wote bila neno, akanisifia kijana kwa adabu yake, na nusu yangu iliingia kwenye simu tukiwa naye palepale mezani, nikaigeuza kioo chini nikamwongezea chai.